Fremu, kiwanja au eneo maalum: ulinganisho wa kodi kwa anayefungua biashara Mtwara

Watu wanaotaka kujenga ghala, kiwanda kidogo au jengo la maduka hapa Mtwara huuliza swali moja: manispaa inampa mwekezaji unafuu gani wa kodi ya majengo? Wengi wamesikia kwamba kuna miji huko nje ambako ukijenga unasamehewa kodi ya jengo miaka kumi, wakadhani na huku lipo dirisha kama hilo, ila kuna ofisa amelifunga makusudi. Dirisha halipo. Na lingekuwepo, lingekuokolea shilingi 18,000 kwa mwaka.

Hicho ndicho kiwango cha jengo la kawaida lisilo la ghorofa tangu Sheria ya Fedha ya 2023: shilingi 1,500 kwa mwezi, inakatwa kwenye LUKU. Ghorofa mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu, sawa na 7,500 kwa mwezi. Banda lako la bati pale Magomeni likiwa na thamani ya milioni kumi, na la jirani yako lenye vigae likiwa na thamani ya milioni mia tatu, wote wawili mnalipa ile ile. Anayechagua mahali pa biashara kwa kutazama kodi ya majengo anatazama mstari mdogo kuliko yote kwenye daftari lake.

Huko Marekani hali ni nyingine, na ndiyo maana habari zake zinatuchanganya. Kule kodi ya jengo hupigwa kwa thamani yake, na ndiyo inayoendesha shule na zimamoto za mji wenyewe. Philadelphia, kwa mfano, ilianza mwaka 2000 kutoa msamaha wa miaka kumi kwa thamani ya jengo jipya, na msamaha huo ukabadili sura ya mitaa mizima, kwa sababu kodi iliyosamehewa ilikuwa fedha ya kutosha kumfanya mtu ahamishe mradi wake. Kwetu kiwango hupangwa na sheria ya Bunge, ukusanyaji uliondolewa kwenye halmashauri ukapelekwa TRA mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 unapita kwenye mita ya umeme. Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, hata akikupenda vipi, hana bomba la kufunga.

Basi tulinganishe vitu vyenye uzito. Anayeanza biashara hapa ana njia tatu: kupanga fremu mjini, kuchukua kiwanja na kujenga mwenyewe, au kuingia kwenye maeneo maalum ya uwekezaji kama lile la Mtwara Freeport Zone karibu na bandari. Kila njia ina kodi yake inayouma na unafuu wake, na mara nyingi unafuu haupo pale ulipoambiwa.

Fremu ya kupanga

Fremu inaonekana rahisi kwa sababu hujengi. Lakini kwa upande wa kodi ndiyo njia ghali kuliko zote kwa mtu mdogo, na hakuna anayemwambia mapema.

Chukua fremu ya laki mbili kwa mwezi. Sheria inasema mpangaji wa biashara akate asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio, ailipe TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na mwenye nyumba apokee kilichobaki, yaani 180,000. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Wewe unamkatia tu. Mtaani mambo hayaendi hivyo. Dalali anakupeleka Chikongola au karibu na stendi, mzee mwenye jengo anakukaribisha kitini vizuri, halafu ukigusia zuio anakujibu, "Mwanangu, mimi nataka laki mbili zangu mkononi. Hayo ya TRA ni yako na hao wakubwa." Ukikataa, nyuma yako kuna mwingine ameshashika fedha za miezi sita. Unakubali, na hapo umebeba 240,000 kwa mwaka ambazo kisheria si zako. Ongeza ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka, 24,000, na huwezi kuukwepa kwa sababu mkataba wa pango utahitajika TRA unapofuatilia cheti cha mlipakodi ili upate leseni.

Jumla 264,000. Mwenye kujenga chumba chake analipa 18,000.

Halafu kuna LUKU. Mita ikiwa ndani ya fremu yako, ile 1,500 ya kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme unaonunua wewe. Serikali ilishasema tangu mwanzo kwamba mpangaji apatane na mwenye nyumba, arudishiwe au apunguziwe kwenye pango. Fedha yenyewe ni ndogo, wengi wanaiacha ipite. Ila angalia jengo lenye fremu nne na mita nne: kodi ya jengo ni moja, na mita zote nne zikikatwa, kuna mtu analipishwa kodi isiyokuwepo. Dai marekebisho ukiwa na namba za mita zote mkononi. Ukienda na namba ya mita yako peke yake utarudishwa.

Kwenye maghala ya msimu jambo hili huleta ugomvi wa bure. Korosho huanza Oktoba, na ikifika Februari ghala limefungwa. Miezi yote ambayo hununui umeme, deni linajikusanya. Unaporudi msimu mpya unanunua LUKU ya elfu kumi na tano, unapata uniti za kuwasha taa siku mbili, unaanza kumshuku fundi. Hajaiba mtu. Miezi minane mara 1,500 ni 12,000. Ukitaka amani, nunua umeme kidogo kila mwezi hata ghala likiwa tupu.

Pamoja na yote hayo, kuna wanaopaswa kupanga na wasione haya. Kama hujui biashara yako itakaa mtaa gani, kama mtaji wako wote ni bidhaa, au kama soko lako ni la wapita njia, lipa hiyo 264,000 uiite ada ya kujifunza mtaa. Vizimba vya masoko ya manispaa, Chuno kwa mfano, viangalie kwanza kabla ya fremu ya mtu binafsi, maana bei yake imeandikwa na haipandi kwa sababu mwenye nyumba amesikia duka lako linajaa. Maombi ya vizimba na leseni siku hizi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI.

Kijana anayefungua duka kwenye nyumba ya baba yake asijidanganye kwa msamaha wa wazee. Mtu wa miaka 60 na kuendelea husamehewa kodi ya majengo kwa nyumba anayoishi mwenyewe, isiyo ya kuingiza kipato. Ukishatoboa ukuta wa mbele ukaweka fremu, hoja hiyo inalegea.

Kiwanja chako

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu, kwa sababu ndipo unafuu wa kweli wa mtu wa kati ulipo, na ndipo makosa yanapogharimu.

Ukijenga chako, zuio linaondoka, stempu ya kila mkataba inaondoka, na kodi ya jengo ni ile 18,000. Linaloingia mahali pake ni kodi ya pango la ardhi, ambayo watu wengi huichanganya na kodi ya majengo. Hii ya ardhi hailingani kwa wote. Inapigwa kwa ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Kiwanja cha makazi, cha makazi na biashara, cha biashara tupu na cha viwanda havilipi sawa. Hivyo mtu anayelinganisha kiwanja cha Mangamba na cha Shangani asiishie kuuliza bei ya kununua. Aombe aonyeshwe pango la mwaka la kila kimoja, aliandike pembeni, alizidishe mara kumi.

Kubwa zaidi ni matumizi. Kiwanja cha makazi ni rahisi, dalali atakuambia utaweka ghala tu, nani atakuuliza. Benki itakuuliza siku unataka mkopo, na afisa mipango miji atakuuliza siku jirani amelalamika juu ya vumbi la maganda. Kubadilisha matumizi kunawezekana, lakini ni vikao, matangazo, ada na miezi. Nimeona watu wakiokoa milioni mbili kwenye bei ya kiwanja, kisha wakazimaliza zote wakifuata saini.

Kitu cha pili ni sharti la kuendeleza. Hati na ofa nyingi hutaka ujenge ndani ya miezi 36. Kwa mwenye mtaji wa kudunduliza, miaka mitatu inakwisha akiwa bado anafyatua tofali. Kama hujajipanga, ni bora kiwanja kidogo utakachokimaliza kuliko eka mbili za kujivunia kwenye ramani.

Tatu, riba ya malimbikizo. Pango la ardhi usipolipa kwa wakati linazaa, na deni la miaka mingi huwa kubwa kuliko mwenye kiwanja alivyodhani. Mwaka 2022 serikali ilisamehe riba kwa waliolipa deni la msingi ndani ya muda uliowekwa, na walionufaika ni wenye viwanja vya zamani. Huo ndio unafuu wa kodi ya ardhi ambao mtu wa kawaida ameuona kwa macho. Usiupangie bajeti, maana msamaha hauna ratiba. Ila ukinunua kiwanja cha mtu, mwambie aonyeshe risiti za pango hadi mwaka huu kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, kwa sababu deni linafuata kiwanja.

Je, manispaa yenyewe inaweza kukupa nini, kama haina bomba la kodi ya majengo? Inaweza kukupa kiwanja kilichopimwa kwa malipo ya awamu. Inaweza kupeleka barabara na taa upande fulani wa mji, na hiyo hupandisha thamani ya ulichojenga kuliko msamaha wowote wa 18,000. Na inayo mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kikundi cha akina mama wanaobangua korosho kikipata milioni kumi bila riba, kimeokoa fedha nyingi kuliko kodi ya majengo ya nyumba zao zote kwa miaka mingi. Ajabu ni kwamba hili ndilo watu hawaliulizii wanapozungumza kuhusu vivutio.

Mikindani niiseme kwa ufupi. Viwanja ni vizuri, bahari ipo, watalii wanapita. Lakini ni mji wa kale, na ukuta wa mawe haubomolewi kwa uamuzi wako peke yako. Anza na ofisi ya mipango miji kabla ya fundi.

Eneo maalum la kiuchumi

Njia hii ina msamaha wa kweli. Chini ya sheria ya EPZ (maeneo ya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje) ya 2002 na ile ya maeneo maalum ya kiuchumi ya 2006, kampuni iliyosajiliwa humo ilisamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka kumi, kodi ya zuio kwenye pango, gawio na riba kwa miaka kumi, na pia kodi na ushuru wa serikali za mitaa kwa miaka kumi. Usimamizi ulikuwa wa mamlaka ya EPZ, yaani EPZA. Kwa sheria ya 2025 EPZA na kituo cha uwekezaji cha TIC zimeunganishwa kuwa mamlaka moja, TISEZA, kwa hiyo anayekuletea karatasi zenye nembo za zamani mwambie akuonyeshe pia kifungu cha sheria mpya.

Thamani yake iweke kwenye namba. Kampuni inayouza bilioni 2 kwa mwaka, kwa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3, ingelipa halmashauri milioni 6 kila mwaka. Kwa miaka kumi ni milioni 60. Kodi ya jengo moja la chini kwa miaka hiyo hiyo ni 180,000. Msamaha wa halmashauri una maana kwa sababu ya ushuru wa huduma, na ukiongeza kodi ya mapato, hapo ndipo penye mzigo wenyewe.

Masharti nayo si madogo. EPZ ilijengwa kwa ajili ya anayeuza nje, angalau asilimia 80 ya bidhaa zake. Mtaji wa chini uliwekwa dola 100,000 kwa Mtanzania na 500,000 kwa mgeni. Forodha iko mlangoni, kila kinachoingia na kutoka kinaandikwa. Kama wateja wako wako Masasi, Tunduru na Songea, umejifungia kwenye uzio usio wako. Kwa mzalishaji wa soko la ndani mwenye mtaji wa kati, cheti cha vivutio vya uwekezaji kinafaa zaidi: Sheria ya Uwekezaji ya 2022, kabla ya ile ya 2025, ilishusha kiwango kwa Mtanzania hadi dola 50,000, na unafuu wake uko kwenye mitambo na vifaa vya mtaji unavyoingiza. Kodi yako ya majengo hakiigusi, na wala usikitafute kwa sababu hiyo.

Ushuru wa huduma, unaokufuata kokote

Nje ya maeneo yenye msamaha, huu ndio ushuru wa halmashauri unaostahili kuogopwa. Nimetumia asilimia 0.3 ya mauzo bila VAT, kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi. Ukikuta cha mwaka huu kimeshuka, ni faida yako. Unapigwa kwenye mauzo, haujali kama umepata faida. Duka la vifaa vya ujenzi linalouza milioni 300 kwa mwaka linadaiwa 900,000, sawa na kodi ya majengo hamsini ya kawaida. Mfanyabiashara wa faida nyembamba, wa saruji au mafuta, unamuuma kuliko fundi cherehani anayekula nusu ya mauzo yake.

Na ndio ushuru ambao madiwani wanaupigania. Kilwa kwa gesi ya Songo Songo na Mtwara kwa gesi ya Mnazi Bay zimekuwa zikidai sehemu yao kupitia ushuru huo huo. Anayekumbuka vurugu za Mtwara za 2013 anajua jinsi swali la nini kinabaki huku linavyopandisha damu. Kwa hiyo usitegemee diwani akupunguzie ushuru wa huduma. Tegemea kujadiliana naye juu ya barabara ya kufika kiwandani kwako.

Kwa wabanguaji wa korosho

Ninyi hesabu yenu ni tofauti na ya duka. Korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa. Korosho iliyobanguliwa haitozwi hiyo. Tofauti hiyo, kwa tani moja tu, inaizidi kodi ya jengo lako ya miaka mingi, na ndiyo kivutio kikubwa cha kubangua hapa hapa. Tatizo ni kwamba ghafi unaipata mnadani, kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ukishindana na wenye meli. Kwa hiyo uliza kwanza kama eneo unalochagua litakurahisishia kupata mzigo. Kongani ya viwanda vya korosho huko Maranje imebuniwa kwa ajili hiyo. Masasi na Newala zina faida ya kuwa karibu na ghala na chama kikuu cha ushirika. Mtwara mjini ina bandari. Kodi ya majengo ni ile ile kote kwa jengo la chini. Tofauti yako itatoka kwenye kilomita za lori na siku ambazo mashine zimekaa bila mzigo.

Mtwara au Lindi?

Kwa kodi za kitaifa hakuna tofauti hata ya senti. LUKU ya Lindi inakata kama ya Mtwara, zuio ni asilimia 10 kote, ushuru wa huduma sheria ni moja. Kinachotofautiana ni bei ya kiwanja, pango la ardhi na biashara inayopita.

Anayeingiza au kusafirisha nje kwa meli aje Mtwara. Gati jipya la mita 300 lipo, na kina cha bandari kinapokea meli kubwa. Lindi haina hilo. Anayeuza vifaa au chakula kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ambako kuna korosho, ufuta na sasa madini ya kinywe, Lindi inamweka karibu na mteja, na karibu zaidi na Dar kuliko Mtwara kwa kilomita mia na kitu. Wa samaki aitazame Kilwa Masoko na bandari yake ya uvuvi kabla ya miji yote miwili.

Anayekwenda Lindi kwa sababu ya mradi wa gesi ya kimiminika wa Likong'o, huyo namsihi atulie. Mtwara tumeipitia hali hiyo. Kati ya 2012 na 2015 watu walijenga gesti na nyumba za kupangisha wageni wa gesi Shangani na kwingine, bei za viwanja zikaruka, kisha wageni wakapungua na vyumba vikabaki vitupu. Jengo tupu linaendelea kudaiwa kodi yake na pango la ardhi halisubiri wawekezaji wasaini. Kwa Lindi, hata ile njia niliyoiita ghali inakuwa ya busara: panga fremu, bebeni zuio pamoja na mwenye nyumba kama atakubali nusu kwa nusu, na kwenye mkataba muandike kwamba una haki ya kuongeza miaka miwili kwa pango lile lile. Mwenye nyumba wa leo atakubali hilo. Akishasikia mkataba wa gesi umesainiwa, hatakubali tena.